Mtaro wa Kalimoni

Nilipoambiwa babake Jasi amefariki, kitu cha kwanza nilichouliza ni kama Jasi atakuja. Sikuuliza mzee aliugua nini, wala atazikwa lini. Nilikuwa nimesahau kwamba Masingasinga hawaziki, huchoma maiti. Fundi aliyeniletea habari, mtu aliyekuwa amemchomelea mzee vyuma pale Thika tangu ujana wake, alinitazama vibaya kidogo, akasema lazima atakuja, ndiye mtoto wa pekee. Basi Jumapili nikavaa rinda langu la kijivu, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda hekalu la Masingasinga. Nilivua viatu mlangoni, nikakaa kwenye zulia upande wa wanawake, nimekunja miguu mpaka ikafa ganzi. Jasi alikuwa mbele. Nilikuwa sijamwona kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, mvi zimeanza juu ya masikio na wala hajazipaka rangi, na kila mwanamke aliyepita alimshika kichwa au akamkumbatia: Wahindi, Wakikuyu, mama mmoja Msomali mwenye duka la vitambaa. Mimi nina miaka thelathini na tisa, ni ofisa kamili, nina watu chini yangu na gari lenye dereva. Nilikaa pale nikimtazama mtu aliyefiwa na babake, na roho ikaniuma kwa vile alivyopendwa. Nilijionea aibu, lakini roho iliuma tu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, kaunti zilikuwa bado changa na kila mtu alijifunzia kazi hapo hapo kazini. Ofisi yetu ya mazingira na maji ilikuwa Ruiru, chumba kimoja katika jengo kuukuu nyuma ya soko, na dirisha lake liliangalia mahali pa kuuzia ndizi, kwa hivyo kutwa nzima tulisikia kina mama wakibishana juu ya mikungu. Meza zilikuwa tatu. Kabati za chuma zilijaa mafaili ya baraza la zamani ambayo hakuna aliyethubutu kuyatupa, na juu ya kabati moja palikaa birika la umeme la Bwana Githinji, mkubwa wetu, ambaye aliwahi kufundisha jiografia na bado alituita "darasa". Tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na Jasi. Siku ya kwanza tu alitueleza waziwazi kwamba mwaka ukiisha kutakuwa na nafasi ya ofisa wa kingo za mito, na ataichukua mmoja wetu. Mmoja. Alisema hayo akimimina chai, na kikombe cha kwanza akampa Jasi. Mtaniambia kikombe ni kikombe tu. Haya, lakini mimi nilikitazama hicho na vyote vilivyofuata, na sikumbuki siku ambayo chai ilinifikia kabla haijamfikia yeye.

Hiyo kazi niliitaka vibaya sana. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Gitothua, mabati juu, choo cha kushirikiana na nyumba sita, na mwenye nyumba aliyefunga maji kila alipokasirikiwa na mkewe. Nilikuwa nimesoma, nimehitimu, nimekaa miaka miwili nikipeleka barua za maombi mpaka mlinzi wa posta akanijua kwa jina. Jasi kila jioni alirudi Thika kwa nyumba yenye mpishi na mbwa wawili. Sasa mtu kama huyo kazi ya kaunti ni ya nini? Hilo nilijiuliza kila siku nilipofunga viatu. Na jibu, ambalo sikutaka kulikubali, ni kwamba aliipenda. Alipenda mito. Angesimama juu ya daraja la mti akaangalia maji machafu kutoka kwa machimbo ya mawe hadi machozi yamlengalenge, si maigizo, halafu akateremka na buti zake kwenda kumkabili mwenye machimbo. Mimi nilipenda mshahara ambao sijaupata bado.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ilikuwa hivi. Sheria inataka ardhi ya ukingo iachwe, isilimwe wala isijengwe, ili mto upumue na udongo usiporomokee majini. Lakini ukingo unaanzia wapi? Hapo ndipo penye kazi. Hupimi kutoka pale maji yalipo leo. Unapima kutoka pale yanapofika mvua ikiwa kali kabisa, na hapo unatafuta alama: nyasi kavu na karatasi za plastiki zilizonasa kwenye matawi, mchanga uliobaki nyuma ya mawe. Ukishapata alama unavuta tepu mita thelathini, unapigilia bikoni nyekundu, vile vigingi vya mpaka, na kila kilicho ndani ya mstari huo kinapakwa X ili kiondolewe, kiwe kibanda au mti. Jasi alikuwa na desturi yake moja juu ya hayo yote. Hakupiga nyundo kabla hajamkalisha mtu mzee kuliko wote wa hapo na kumuuliza mto ulifika wapi mvua zile kubwa, nguo walianika wapi, ng'ombe gani alisombwa. Yeye aliongea, mimi nikashika daftari. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeshajua mgawanyo wa kazi ulivyo.

Na aliongea Kikuyu, jameni. Si Kikuyu cha dukani cha kuuliza bei. Alikuwa amelelewa mgongoni mwa yaya kutoka Gatundu, na alipofungua mdomo wazee waligeuka kutafuta ni nani mwingine aliyesema. Mimi Nekesa, mtoto wa wafanyakazi wa kiwanda waliotoka magharibi, nilizaliwa pale pale Thika, lakini nikifika kwa geti la mtu swali la kwanza ni: wewe ni wa wapi? Jasi mwenye jina la Kihindi hakuulizwa. Aliitwa ndani. Siku tulipoenda Kalimoni mara ya kwanza, kwa Cucu Wairimu, yaani Bibi Wairimu, ambaye shamba lake linashuka hadi mto Ndarugu, yule bibi alimsikiliza dakika tano, akacheka mpaka akajishika magoti, akasema huyu si Jasi, huyu ni Wanjiru, kama mamangu. Akampa jina hivyo hivyo, amesimama na kikapu mkononi. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili: "Na wewe wa daftari, ingia ukule."

Jikoni mwa Cucu palikuwa padogo na pa joto, kuta zimesilibwa moshi, kuku wakipita chini ya viti. Alipakua nduma zilizochemshwa, akazipasua kwa mkono, na ile kubwa ya katikati, yenye rangi ya zambarau na unga mwingi, akaiweka kwa sahani ya Jasi. Yangu ilikuwa ya pembeni, ya maji maji. Niliila. Tulirudi pale mara nyingi mwaka ule kwa sababu Cucu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha watumiaji maji cha sehemu hiyo, na kila mara ilikuwa hivyo: wao wawili vichwa pamoja wakicheka mambo ambayo sikuyaelewa, mimi nikitabasamu kama mtu anayesubiri kupimwa damu. Nilianza kujifunza Kikuyu kwa siri, kwa jirani yangu wa Gitothua, huku nikimfulia nepi za mtoto. Mambo ya kujidhalilisha hivyo sikuwahi kuyafanya hata kwa mwanamume.

Babake naye alinitesa bila kujua. Kazi ikitupeleka Thika tuliingia kwa karakana yake adhuhuri, na mzee aliacha kila kitu, akanawa mikono yenye grisi kwa sabuni ya unga, akafungua mkebe wa chuma wa ghorofa nne: dengu, viazi vya manjano, chapati nyembamba, achari ya ndimu. Alinipakulia mimi kwanza, niwe mkweli. Lakini macho yake yalikuwa kwa bintiye. Alimuuliza maswali kuhusu bikoni na tepu kama anayemhoji mkuu wa majeshi, na siku moja aliwaambia mafundi wake, kwa sauti ya kusikika juu ya mashine, kwamba huyu mtoto wangu ataokoa mito yote kutoka hapa hadi Ngoliba. Mafundi wakapiga makofi. Mimi nikamega chapati yangu nikiwaza hakuna mtu duniani aliyewahi kusema hivyo kunihusu, na kwamba kama angekuwapo wa kusema, ningekuwa bora kuliko Jasi.

Halafu nikasikia lile nililosikia. Ilikuwa karibu na mvua za masika, nimerudi ofisini mapema kutoka kupeleka ilani ya upimaji, na mlango wa Bwana Githinji ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa akiongea kwa simu. Nilijua ni kuhusu sisi kwa vile alivyopunguza sauti. Alisema hakuna haja ya mahojiano marefu, msichana wa Kihindi ndiye watakayemchukua, watu wanamwamini. Upande wa pili ukauliza kitu. Akajibu, "Huyu mwingine? Ni mzuri pia. Ana mwandiko safi sana." Nilisimama na mkoba begani. Mwandiko. Mwaka mzima wa kukanyaga tope, na nilichobakiza kwa watu ni mwandiko. Nilitoka nikaenda sokoni, nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji, nikazila zote nimesimama.

Sasa ilani niliyokuwa nimetoka kupeleka siku hiyo ilikuwa ya Kalimoni, kwa Cucu, na nilikuwa nimeenda peke yangu. Kulikuwa kukavu. Cucu hakuwa shambani, kwa hivyo niliteremka mwenyewe mpaka karibu na mto, ambako mimi na Jasi hatukuwahi kufika, kuangalia pale tutakapopima, na kati ya miti yake ya avokado na mto nikakuta mtaro. Mtaro mkavu, mpana wa hatua tatu, kuta zake zimejengwa kwa mawe yaliyochongwa, na mwanzoni mwake mlango wa chuma wa kufungulia maji, umeliwa na kutu. Nilielewa mara moja. Ulichimbwa zamani na wenye shamba la kahawa kuvuta maji ya kuoshea buni. Haukuwa mto. Nilitembea ndani yake nikiongea kwa simu, nikatoka upande wa pili, nikaenda zangu. Nilikusudia kumwambia Jasi. Nasema kweli kabisa, nilikusudia. Kisha nikafika ofisini nikasikia habari ya mwandiko.

Tulienda kupima wiki mbili baadaye, na mvua ilikuwa imeshanyesha siku tano mfululizo. Ule mtaro ulikuwa umejaa. Mlango wa chuma ulikuwa umefunikwa, mawe hayakuonekana, maji ya kahawia yalipita kwa kasi ileile ya mto, na kati yake na mto palibaki kipande cha ardhi chenye matete. Ungeapa ni mkono wa Ndarugu. Nyasi na plastiki zilikuwa zimening'inia kwenye ua wa miiba juu ya mtaro, alama safi kabisa ya mafuriko. Na Cucu hakuwepo. Alikuwa amepelekwa kliniki Thika kwa ajili ya presha. Jasi alisimama kwenye mvua na koti lake la manjano, akasema hapendi kupima bila Cucu, turudi kesho. Nikamwambia Bwana Githinji anataka ramani Ijumaa, na mimi sirudi kwenye tope hili kwa sababu ya desturi ya mtu. Nilisema kwa ukali. Alinitazama, akakubali. Akateremka, akaangalia maji, akaangalia zile nyasi kwenye ua, akageuka.

"Nekesa, hii ni mkono wa mto, ama?"

Nimeisikia hiyo sauti miaka kumi na miwili. Alikuwa ananiuliza kwa uaminifu kabisa, maji yanamtiririka puani.

"Wewe ndiye unajua," nikamwambia.

Akangoja kidogo, pengine akidhani nitaongeza neno. Kisha akashika mwisho wa tepu na kuniita nivute. Nikavuta. Mita thelathini kutoka ule mtaro zilipanda shambani, zikapita miti ya avokado yote kumi na minne, zikaishia nyuma ya zizi la ng'ombe. Jasi alipiga nyundo na mimi nikaandika kila nukta kwenye daftari kwa mwandiko wangu safi sana. Rangi ya X ilikataa kushika kwenye magome yaliyolowa, ikabidi tuyapanguse kwa kitambaa kwanza.

Mnataka kujua nilifikiri nini. Nilifikiri baada ya kupima mtu hupewa siku kumi na nne za kulalamika. Cucu angerudi kutoka kliniki, aone bikoni nyuma ya zizi lake, apande gari hadi Ruiru na fimbo yake, amgombeze Jasi mbele ya Bwana Githinji. Hilo tu. Bikoni zingeng'olewa, zingepigiliwa pahali pake, na watu wangejua kwamba yule wanayemwamini hukosea. Nilikuwa nimeshaiona hiyo picha, mpaka Jasi alivyoinamisha kichwa. Nilingoja siku kumi na nne. Cucu hakuja. Siku ya kumi na tano hakuja. Baadaye nilijua kwa nini: majirani walimwambia alalamike, na yeye akawajibu kwamba kama Wanjiru ameweka alama pale basi ana sababu zake, na wamwache mtoto afanye kazi. Mimi niliyetegea hasira za yule bibi sikuwaza hata mara moja kwamba anaweza kumpenda hivyo.

Siku ya kukata, Jasi alikuwa Ngoliba kwa mambo ya wachimba mchanga, nami nikatumwa Kalimoni na daftari kusimamia. Vijana walikuja na msumeno wa petroli. Miti ilikuwa na matunda, madogo bado, na yalipoanguka yaliviringika hadi majini. Mti wa tisa au wa kumi nilifungua mdomo niseme simameni. Neno lilifika hapa, kooni, nikafikiria nitakavyoulizwa nilijua lini, nikalimeza. Walimaliza miti wakaenda kwenye zizi, wakang'oa mabati moja moja. Cucu alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, ameshika kamba ya ng'ombe wake, hapigi kelele. Nilipokaribia aliniuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili, pole pole ili nielewe.

"Wanjiru anajua wanakata?"

"Anajua, Cucu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaangalia upande mwingine.

Baraza lilikuwa wiki iliyofuata, uwanjani kwa chifu. Walikuja watu wa Kalimoni wote, na mzee mmoja aliyefanya kazi shamba la kahawa utotoni akasimama, akauliza tangu lini mtaro wa mzungu ukawa mto. Watu wakacheka kicheko kile cha hasira. Akaeleza mlango wa chuma uko wapi, mawe yalitoka wapi, nani aliyachonga. Bwana Githinji alikuwa amekauka. Nilikaa mstari wa mbele na daftari mapajani, nimelifunga. Jasi aliinuka kabla hajaitwa. Alisema kwa Kikuyu, na kufikia hapo nilikuwa naelewa karibu kila neno, kwamba ni yeye aliyepima, ni yeye aliyeona vibaya, hakumngoja mwenye shamba na hilo ni kosa lake, asilaumiwe mwingine. Nilingoja aseme alikuwa ameniuliza. Nilikuwa nimetayarisha jibu. Hakunitaja kabisa. Alipomaliza alimwangalia Cucu, na Cucu akajifunika shuka kichwani ili asimwone.

Nafasi ya ofisa niliipata mimi. Ningetaka kuandika kwamba haikuwa na ladha, lakini ingekuwa uongo, ilikuwa tamu. Nilinunua godoro jipya. Chai ikaanza kunifikia kwanza. Na jambo la kwanza nililofanya kazini lilikuwa kuzungusha makaratasi ya Cucu: nikang'oa zile bikoni mwenyewe, nikapata miche ya avokado ya kupandikizwa kutoka kwa kitalu cha kaunti, nikahangaika miezi mpaka mabati ya zizi yakalipwa, nikaenda Jumamosi zangu kusaidia kuchimba mashimo. Watu walidhani ni utu. Cucu alidhani ni utu. Aliwaambia majirani kwamba kwenye ofisi ile yote kuna mtu mmoja tu, huyu Nekesa, na siku moja akapasua nduma, ile ya katikati akaiweka kwa sahani yangu. Nikaila yote.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo jikoni, kikombe cha uji mkononi, siku Jasi alipokuja kwenye geti. Tulisikia sauti yake, "Hodi, Cucu," mara tatu. Cucu hakuinuka. Alikoroga sufuria yake, kisha akaniambia niende nimwambie hayupo. Nikaenda. Jasi alisimama nje ya geti na viatu vya safari. Alikuwa anaondoka kwenda Kanada kwa shangazi yake wiki hiyo. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, mimi nina uji mdomoni pembeni, na nikamwambia Cucu hayupo. Aliangalia moshi. Akasema, "Mwambie nilikuja." Nilirudi ndani nikakaa nikamalizia uji wangu, na sikumwambia Cucu chochote, kwa kuwa hakuuliza.

Basi Jumapili ile Thika, baada ya maombi, tulishuka kwenye chumba cha chakula. Watu hukaa chini kwa mistari mirefu, matajiri na wabeba mizigo bega kwa bega, na wenye msiba huzunguka na ndoo za dengu wakiwapakulia. Jasi alinifikia na chapati. Hakunitambua mara moja, kisha akanitambua, akapiga magoti akanikumbatia huku ameshika chapati hewani, na akaniambia babake alikuwa akiuliza habari zangu kila alipompigia, eti yule mwenzako mpole bado ako kazini? Hilo la mpole ndilo lililonimaliza. Nikamwambia pale pale, chini, dengu zinapoa. Nilimwambia kuhusu mtaro mkavu na ile simu ya Bwana Githinji, na kwamba nilijua kabla hajanyanyua nyundo. Nilisema haraka, bila kupamba.

Aliweka sinia la chapati sakafuni.

"Mimi nilidhani ni macho yangu," akasema. "Nilienda kule nikapata kazi ya mito, Nekesa. Siku ya kwanza wakanipa tepu nikashindwa. Nikisimama kwa mto naona sijui ninachoona. Nimeuza viatu miaka kumi na miwili."

Nikasema pole. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Akaniuliza kama Cucu bado ako. Nikasema ako. Akauliza kama Cucu ananipenda. Nikasema ananipenda, na nilivyosema hivyo, hata pale, nilisikia ka-fahari kakipita. Nadhani alikasikia.

"Basi usiniambie mimi pole," akasema. "Enda umwambie yeye."

Akachukua sinia lake akaendelea na mstari.

Ilinichukua siku nne. Alhamisi nikamwambia dereva aniache barabarani, nikatembea. Cucu sasa ana zaidi ya miaka themanini, macho yamefifia, lakini alinijua kwa hatua zangu akaniita kabla sijabisha. Alikuwa nje ya jikoni akichambua maharagwe. Avokado nilizopanda naye zimekuwa miti mikubwa, kivuli chake kinafika mlangoni. Nilikaa kwenye kigoda, nikachukua bakuli nimsaidie, nikamwambia yote kwa Kikuyu, Kikuyu changu hiki cha kujifunzia kwa nepi za watu. Nilimwambia hata ya geti, kwamba Jasi alisema nimwambie alikuja nami sikusema. Mikono yake ilisimama. Kuku mmoja akapanda juu ya gunia na hakuna aliyemfukuza.

Sikutukanwa. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Aliniuliza kama babake Jasi ameshachomwa, nikasema ndiyo, akasema Ngai, Mungu wangu, na mtoto ako peke yake kwa hiyo nyumba? Kisha akanyoosha mkono.

"Mpigie."

Nikampigia kwa simu yangu, namba nilikuwa nimeipata kwa yule fundi, nikamwekea Cucu sikioni kwa sababu yeye huishika juu chini. Jasi aliitika. Cucu akaanza kuongea, akaomba msamaha kwa lile geti, akalia, kule upande wa pili nako nikasikia kulia. Halafu sijui Jasi alisema nini, Cucu akacheka. Alicheka kicheko kile cha kujishika magoti ambacho kwa miaka yote kumi na miwili, na miche yangu yote na mabati yangu yote, mimi sijawahi kukipata kwake hata mara moja. Salio likaisha, simu ikakatika. Akaniambia niweke lingine, nikaweka. Wakaendelea. Nilishika simu mkono wa kushoto na bakuli la maharagwe mkono wa kulia, na Mungu anisamehe, nilimwonea Jasi wivu.

Walipomaliza, Cucu alijifuta uso kwa leso. Akasema Jumamosi Jasi anakuja, atalala hapa, na yeye Cucu atahitaji mtu wa kumchimbia nduma lakini atamtafuta kijana wa jirani.

"Wewe Jumamosi usikuje," akaniambia. "Kuja siku ingine."

Nikasema sawa, Cucu. Maharagwe yalikuwa yamebaki kidogo, nikayamalizia.